Mwalimu Akosea Kukisia

Siku moja nalikuwa nikiwasomea watoto wa darasa la sita kitabu cha Adili na Nduguze, alichokitunga Shaaban Robert, kilichopigwa chapa mwaka 1952. Mfalme Rai amtuma kijana Ikibali kwenda Janibu kwa liwali Adili, kudai kodi iliyochelewa. Adili ni mtu mwema, ampokea mgeni wake kwa heshima. Lakini usiku Ikibali amwona akiwapiga mijeledi manyani wawili. Kisha awahurumia na kuwapa chakula.

Hapo nalifunga kitabu, nikauliza, "Kwa nini awapiga?" Watoto walinyamaza. Basi nikaandika ubaoni: Adili ni mnafiki, wema wake ni vazi la mchana tu.

Mvulana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, mnafiki humhurumia anayemchukia?"

Nikamjibu, "Awalisha wasije wakafa, apate kuwapiga tena kesho." Jawabu hili lilinipendeza sana.

Tukaendelea kusoma. Kumbe manyani wale ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa tumbo moja, waliomtosa baharini kwa husuda. Huria, jini, alimwokoa, akawageuza wale wawili kuwa manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku. Alikuwa akitii amri, na moyo wake ukimwuma. (Katika Alfu Lela Ulela imo hadithi inayofanana na hii, ila pale wapigwao ni mbwa.)

Darasa lilicheka, nami nikacheka kidogo. Ndipo msichana mmoja aliyekuwa hasemi sana akaligeuza jalada. "Mwalimu, tazama. Nduguze." Jina hilo nalikuwa nimelisoma kwa sauti asubuhi ile ile! Nalisema ni la kitabu, nikalipita.

Tazameni basi nilivyopotea. Dalili zilikuwa tatu: mjeledi, huruma, na jina. Nalishika mjeledi kwa kuwa ulitisha. Huruma ilipokuja kunipinga, sikuibadili shauri yangu. Nalitafuta hila ya kuifanya huruma nayo iwe ukatili. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko lile la kwanza, maana kukisia vibaya si aibu.

Kabla hamjafungua sura ifuatayo ya kitabu mnachokisoma, andikeni mnalokisia. Chini yake andikeni neno moja la kitabuni lisilopatana nalo, nanyi msilitafutie hila.