Namba Usiyoijua Ikiita: La Kufanya Kabla Hujatapeliwa

Mwezi wa saba, wakati mahindi yanamiminika soko la Kibaigwa, nilikuwa nimekaa dukani kwa mama mmoja jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Kitochi chake kilikuwa juu ya mfuko wa sembe, kimefungwa mpira wa kushikilia mfuniko wa betri. Ndani ya nusu saa kiliita mara mbili na kuingiza meseji moja. Simu ya kwanza ilikuwa sauti ya kurekodiwa ikimtaka abonyeze moja aingie kwenye bahati nasibu. Ya pili alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, akimwita "mteja wetu", akisema laini yake itafungwa jioni ile asipoihakiki. Meseji nayo ilisema: ile hela itume kwenye namba hii, ile nyingine ina shida.

Mama alishafungua menyu ya kutuma fedha. Kweli alikuwa anadaiwa na kaka yake hela ya magunia manne, na meseji ilikuja siku ile ile aliyoahidi kulipa. Nikamwomba ampigie kwanza kaka yake, kwa namba iliyokuwa kwenye simu siku zote. Kaka hakuwa ametuma meseji yoyote.

Huenda na wewe simu yako inakusumbua hivyo hivyo, uwe Mpwapwa, Manyoni au Area C. Dawa ipo, na sehemu kubwa haina gharama. Ila usumbufu wenyewe si wa aina moja, na kila aina ina mlango wake wa kugonga. Yapo matangazo ya biashara na michezo ya kubahatisha, ambayo yanakera na wakati mwingine yanakula salio. Wapo matapeli, wanaotaka fedha au namba yako ya siri. Na siku hizi wapo wadai wa mikopo ya mtandaoni, wanaokupigia kwa deni ambalo si lako.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: wamenipataje? Mara nyingi hawakujui kabisa. Tapeli wa "ile hela" hutuma maneno yale yale kwa namba nyingi kadiri awezavyo, kwa sababu kati ya watu wengi hakosekani mwenye deni la kweli. Ndiyo maana wakati wa mavuno, fedha za mahindi na alizeti zinapozunguka, meseji hizi huwanasa wengi zaidi. Wengine wameokota namba yako kwenye daftari lililoachwa wazi kaunta, kwenye fomu uliyojaza ukaisahau, au kwenye simu ya rafiki aliyeruhusu programu isome majina yake yote. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa ndiko majaribio mengi ya utapeli yanakotokea. Anayekwambia yupo ofisini Dodoma anaweza kuwa yuko mbali sana na wewe.

Je, usipokee kabisa namba usiyoijua? Sikushauri hivyo. Anaweza kuwa mwalimu wa mtoto, nesi wa wodini, au kondakta aliyebeba mzigo wako kutoka Singida. Pokea, lakini mwache yeye ajitambulishe. Asijue jina lako kutoka kinywani mwako. Akisema "mimi wa mtandao wako", jua kwamba Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL na Yas iliyokuwa ikiitwa Tigo wana namba moja ya kuhudumia wateja, nayo ni 100. Mtu anayejiita wa mtandao huku anapiga kwa namba ya kawaida ya 06 au 07, kata simu. Huna haja ya kumtukana wala kumweleza kwamba umemgundua. Ukibishana naye unampa muda wa kutafuta njia nyingine ya kukuingia.

Sikiliza pia namna anavyokuharakisha. Atakwambia usikate simu, usimwambie mtu, sogea pembeni. Atakwambia mtoto ameanguka shuleni na dawa inahitajika sasa hivi. Hapo ndipo wengi wetu tunaponaswa, hata waliosoma, kwa sababu mzazi akisikia mtoto ameumia hafikiri tena. Kata, kisha ipigie shule kwa namba unayoijua. Kama ni kweli utapoteza dakika moja tu.

Namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money, Mixx, HaloPesa au T-Pesa haitajwi kwa mtu yeyote, awe wakala, awe mfanyakazi wa kampuni, awe mtoto wako. Vivyo hivyo zile tarakimu zinazoingia kwa meseji unapofungua huduma: mwenye kuzipata anaweza kuingia kwenye akaunti yako. Na kuna mtego ambao haujulikani sana. Mpigaji anakuomba ubonyeze nyota mbili, 21, nyota, kisha namba fulani na alama ya reli, eti "kuhakiki laini". Kufanya hivyo kunahamisha simu zako zote ziende kwake. Kama umeshabonyeza, piga ##002# ili kufuta uhamisho wote, kisha mwombe mtu akupigie uone kama simu yako inaita.

Simu iliyokatika kabla hujapokea, yenye kianzio cha nchi usiyokuwa na ndugu wala biashara, usiirudishie. Namba za Tanzania huanza na +255. Kupiga nje kunakata salio haraka, na wanaobipu hivyo wanategemea wewe upige.

Sasa kuzuia. Kwenye simu janja nyingi za Android fungua orodha ya simu zilizoingia, shikilia namba inayokusumbua mpaka menyu itokee, kisha chagua Zuia. Simu ikiwa kwa Kiingereza, neno ni Block. Kwenye kitochi ingia mipangilio ya simu zinazopigwa, tafuta orodha nyeusi ambayo mara nyingi imeandikwa Blacklist, kisha ingiza namba. Baadhi ya vitochi havina huduma hiyo. Hapo ihifadhi namba kwa jina "USIPOKEE". Yule mama wa dukani anazo sita za namna hiyo na zinamtosha. iPhone ina swichi ya kunyamazisha wapigaji wasiojulikana, lakini itanyamazisha na yule nesi, kwa hiyo iwashe usiku ukilala na uizime asubuhi.

Watu huniuliza kuhusu Truecaller, programu inayoonyesha jina la mpigaji. Inasaidia, ila inahitaji intaneti, na kabla ya kuikubalia soma ruhusa inazoomba, hasa ya kuona majina uliyohifadhi. Kumbuka pia kwamba majina mengi inayoonyesha yametoka kwa watumiaji wenyewe. Tapeli anaweza kujiandika "Huduma kwa Wateja" nawe ukaamini.

Kuzuia kuna upungufu mmoja mkubwa: kunakulinda wewe peke yako, tena kwa namba ile moja. Tapeli yule yule atampigia jirani yako baada ya dakika tano. Kwa hiyo, kabla hujafuta meseji ya kitapeli, itume kama ilivyo kwenda namba 15040. Utajibiwa kwa meseji itakayokutaka uandike namba iliyokutumia. Iandike na uitume. Kama ulipigiwa simu tu, andika kwa kifupi alichokuambia na ufuate maelekezo yale yale. Taarifa hizi ndizo zinazowezesha namba kuchunguzwa na kufungiwa. Najua wengi wanaona ni kazi bure kwa kuwa tapeli ana laini nyingi. Lakini kwa kila laini inayofungwa anapaswa kutafuta nyingine, na kuipata si rahisi kama zamani, tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019.

Anazipata wapi basi hizo laini? Baadhi zimesajiliwa kwa vidole vya watu kama mimi na wewe. Unasimama kwenye mwavuli wa wakala, jua kali, foleni ndefu. Anakuambia kidole hakijasoma, weka tena. Unaweka tena. Kwa wakala asiye mwaminifu, mara ya pili inaweza kuwa laini nyingine kabisa, kwa jina lako, na utakapokuja kuijua polisi wanaweza kuwa wameshaanza kukutafuta. Akikuambia urudie, uliza kwa nini, na usiondoke kabla hujakagua.

Kukagua ni rahisi. Piga *106# kwa simu yoyote, fuata menyu ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na uingize namba yako ya NIDA yenye tarakimu 20. Rudia hivyo kwa laini ya kila mtandao unaoutumia. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika, si kwa wakala wa barabarani, uombe iondolewe jina lako. Mimi hufanya hivi kila baada ya miezi michache, na ningependa kila mwenye simu afanye.

Matangazo ni jambo jingine, nayo hayapelekwi 15040. Kwa hayo piga 100 ukitumia laini inayosumbuliwa, uzungumze na mhudumu. Mwulize maswali mawili: nimeunganishwa na huduma gani za kulipia, na mnawezaje kunitoa kwenye meseji na simu za matangazo? La kwanza ni muhimu kuliko la pili. Wapo wanaokatwa salio kila siku kwa mwito wa muziki au mchezo wa maswali walioukubali bila kujua, pale walipobonyeza moja ili sauti ile inyamaze. Andika tarehe na saa uliyopiga. Wasipokusikiliza, peleka malalamiko TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma. Nenda na hiyo karatasi ya tarehe, maana swali la kwanza litakuwa kama ulishalalamika kwa mtandao wako.

Na kampuni isiyo ya simu ikiendelea kukutangazia biashara baada ya kuiambia iache? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa binafsi ni chochote kinachokutambulisha, na namba ya simu imo. Sheria inakupa haki ya kuitaka kampuni isitumie taarifa zako kwa matangazo ya biashara. Inayosimamia ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 2024. Iandikie kampuni kwanza, tunza nakala, kisha uende kwenye Tume.

Wadai wa mikopo wanaumiza zaidi. Mtu amekopa kwa programu ya simu, programu ikachukua orodha yake ya majina, na sasa wewe uliyesoma naye Kondoa unapigiwa saa mbili usiku ukitukanwa. Deni la mtu mwingine halikuhusu kama hukuwa mdhamini wake. Usilipe hata shilingi ili kununua amani, kwa sababu ukilipa mara moja watajua wewe ni wa kubanwa. Hifadhi meseji zao, uliza jina la kampuni, kisha zuia namba. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, kwa hiyo hakikisha kwanza kama anayekudai anaruhusiwa hata kukopesha. Namwomba na anayekopa, kabla hajabonyeza kitufe cha kuruhusu majina, akumbuke kwamba namba anazozitoa ni za mama yake, mchungaji wake na bosi wake.

Na kama fedha imeshakwenda? Usilie kwanza, piga 100 dakika ile ile. Kama tapeli hajaitoa kwa wakala, mtandao unaweza kuizuia. Kama ameitoa, kuirudisha ni vigumu sana. Kama ulitaja namba ya siri, ibadilishe hapo hapo. Usifute meseji ya muamala, kwa sababu ndiyo yenye namba ya kumbukumbu, jina na saa. Nenda nayo kituo cha polisi ufungue taarifa, upewe namba ya taarifa, ambayo wengi huiita RB. RB haiuzwi. Utapeli wa kutumia simu unaguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni uzembe wako ukamalizane nao nyumbani. Aibu ndiyo inayowanyamazisha wazee wetu, na tapeli anaitegemea aibu hiyo.

Kuna mtu kwenu ambaye hatasoma makala hii: bibi aliyeko Chamwino, baba anayelima zabibu Hombolo, shangazi mwenye kitochi. Ukienda kumsalimia, mwandikie 100, 15040 na *106# kwa maandishi makubwa, ubandike pale anapochajia simu. Kisha mkae pamoja, mpige *106# kwa namba yake ya NIDA, na msome pamoja majibu yatakayokuja.