Sarafu ya Mfalme Edmund Mtakatifu

Desturi ya wafalme wa zamani katika kupiga sarafu ilikuwa kutia jina la mfalme atawalaye. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za sarafu iliyopigwa kwa jina la mfalme aliyekwisha kuuawa, tena ikapigwa katika utawala wa watu wa kabila lile lile lililomwua.

Edmund alikuwa mfalme wa East Anglia, upande wa mashariki wa Uingereza. Mwaka 865 jeshi kubwa la Wadenmark lilifika huko kwa merikebu. Wenyeji wakafanya nao amani, wakawapa farasi, nao wakaenda zao kaskazini. Amani ile haikudumu. Mwaka 869 walirudi, wakapiga kambi Thetford wakati wa baridi. Edmund akapigana nao, akashindwa, akauawa. Habari ya kwamba alifungwa mtini akapigwa mishale iliandikwa na mtawa Abbo zaidi ya miaka 100 baadaye. Basi mwalimu akiwasimulia watoto, na awaambie hivyo.

Mwaka 878 Guthrum, mfalme wa Wadenmark, alishindwa na Mfalme Alfred, akabatizwa, na Alfred mwenyewe akawa baba yake wa ubatizo. Kisha watu wake wakakaa East Anglia, wakagawana mashamba, wakalima. Guthrum alikufa mwaka 890, na yapata mwaka 895 zikaanza kutoka peni za fedha za Mtakatifu Edmund.

Sarafu yenyewe ni ndogo na nyembamba. Upande mmoja, katikati, pana herufi A, iliyofuatishwa katika sarafu za Edmund mwenyewe alipokuwa hai; kuizunguka pana maneno ya Kilatini, maana yake, "Ee Mtakatifu Edmund Mfalme." Upande wa pili pana msalaba na jina la mpiga sarafu. Mengi ya majina hayo ni ya watu wa ng'ambo, wa nchi za Wafaranka. Katika nyingine herufi zimevurugika hata hazisomeki. Yaonekana waliozichonga hawakujua kusoma.

Je, kwa nini wamheshimu waliyemwua? Twadhani sababu si moja. Walikuwa wamekwisha kuwa Wakristo. Tena walitawala watu wasiomsahau mfalme wao, na fedha yenye jina lake haikuwa ngeni machoni pa wenyeji sokoni. Haikupita hata miaka 30 tangu kufa kwake. Wazee waliomwona kwa macho walikuwa wangali hai, wakiishika sarafu ile mikononi.

Mwaka 917 East Anglia ilimtii Mfalme Edward, mwana wa Alfred, na sarafu hizo zikakoma. Mwaka 1840 vibarua waliokuwa wakitengeneza ukingo wa mto Ribble, huko Cuerdale, kaskazini-magharibi ya Uingereza, walifukua sanduku la risasi lenye fedha nyingi. Katika sarafu zaidi ya 7,000 zilizokuwamo, zapata 1,800 zilikuwa za Mtakatifu Edmund.