SOMO: TUYAJUE MAJINA YA VIFAA VYA UJENZI NA KAZI ZAKE

Mwanafunzi mpendwa, tunalala na kusoma ndani ya nyumba, lakini tukiulizwa ukuta huu umejengwa kwa kitu gani, wengi wetu hujibu "mawe" au "saruji", basi. Somo hili linaeleza majina ya msingi ya ujenzi hapa mwambao. Faida yake si ya mtihani tu. Anayetengenezesha nyumba bila ya kujua majina haya humwachia fundi achague, na hasara humrudia mwenyewe.

1. NYUMBA YA MAWE NA CHOKAA
Hizi ni nyumba za kale, kama za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu.

(a) Matumbawe: Ni mawe yatokanayo na bahari. Yale ya nchi kavu ni magumu na hujengewa kuta. Yale yaliyokatwa baharini huwa laini yakiwa mabichi, hivyo huchongeka, kisha hukauka na kuwa magumu. Maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, ya mwaka 500 Hijria (1107 Miladia), yamechongwa katika matumbawe.

(b) Chokaa: Matumbawe huchomwa kwa kuni nyingi, kisha hutiwa maji yakawa unga mweupe. Chokaa ikichanganywa na mchanga au udongo hushikanisha mawe.

(c) Boriti: Ni miti ya mikoko inayolazwa juu ya kuta ili kubeba dari. Kwa kuwa boriti haziwezi kubeba uzito mkubwa kwa urefu mrefu, vyumba vya kale ni vyembamba, kiasi cha mita 3 tu, ingawa huweza kuwa virefu.

(d) Sakafu: Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha humwagwa chokaa na kokoto na kupondwa kwa vigongo mpaka ishikane.

2. NYUMBA YA MITI NA UDONGO
Husimamishwa nguzo, zikafungwa fito kwa kamba. Kujaza mawe madogo na udongo katikati ya fito huitwa kutomea. Kupaka udongo juu yake huitwa kukandika. Kuweka makuti juu ya paa huitwa kuezeka.

3. NYUMBA YA SARUJI
Saruji, mchanga na maji hufyatuliwa matofali. Ukiongeza kokoto, unapata zege. Nondo ni vyuma vinavyowekwa ndani ya zege ili isivunjike inapobeba uzito. Mchanga wa pwani haufai kwa zege ya nondo, kwani chumvi yake huozesha chuma. Zege mpya imwagiliwe maji kwa siku 7 au zaidi, la sivyo hukauka haraka na kupasuka.

4. TAHADHARI: LIPU SI MOJA
Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Lipu ni tabaka la kufunika ukuta, lakini ipo lipu ya chokaa na ipo lipu ya saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya mvua na ya ardhini. Lipu ya chokaa ina vitundu vidogo vidogo, hivyo unyevu hutoka na ukuta hukauka. Lipu ya saruji huuzuia unyevu ndani. Baada ya muda lipu hubanduka, chokaa ya ndani hulegea, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huoza. Kwa nje nyumba inang'aa, kumbe ndani inakufa.

Basi mzee wako akitaka kumwita fundi kutengeneza nyumba ya zamani, muulize kwa adabu: "Ukuta huu ni wa kitu gani, na lipu itakuwa ya kitu gani?" Swali hilo ni rahisi kuliko kujenga upya.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Taja tofauti ya kutomea na kukandika.
2. Kwa nini vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba?
3. Zege ina vitu gani ambavyo tofali la saruji halina?
4. Chunguza ukuta wa msikiti au nyumba ya mtaani kwako. Umejengwa kwa nini, na umepigwa lipu gani? Andika majibu katika daftari lako na umwoneshe mwalimu.