SOMO LA UFUNDI: MOTA YA DIRISHA LA GARI



Vijana wengi wa parokia zetu wanapata riziki kwa kazi ya jua kali. Safari hii tumechagua kazi inayoonekana ndogo, lakini imeumiza vidole vya wengi na kuwafukuzia wateja: kutoa na kurudisha mota ya dirisha.

Mama mmoja anayeuza mboga kwa gari lake aliambiwa na fundi anunue mota. Akanunua, ikafungwa, na dirisha likakataa vile vile. Kumbe ni waya iliyokuwa imekatika penye bawaba, pale inapokunjika kila mlango unapofunguliwa. Pesa za karo zikaenda bure. Fundi yule hakuwa mwizi. Hakupima tu.

A. KUPIMA

1. Angalia fyuzi kwanza.

2. Bonyeza swichi, usikilize. Mota ikinguruma na kioo hakisongi, angalia regulata, yaani mikono au kamba ya chuma inayopandisha kioo.

3. Mota ikinyamaza, toa kava ya ndani ya mlango. Tafuta skrubu zote, hata zile zilizofichwa nyuma ya kishikio, ndipo uvute pole pole. Bandua nailoni bila kuirarua.

4. Rudisha plagi ya swichi. Chomoa plagi ya mota na uunganishe taa ya kupimia kwenye waya zake mbili. Mwenzako abonyeze swichi juu, halafu chini. Taa ikiwaka mara zote mbili, umeme unafika, kwa hiyo mota ndiyo ya kushuku. Isipowaka, fuata swichi na waya.

5. Ipe mota volti 12 moja kwa moja kutoka betri, kwa muda mfupi tu. Ukibadilisha waya, itazunguka upande wa pili. Mota yenye waya zaidi ya mbili usiipime hivi, maana nyingine zina vifaa vya elektroniki ndani.

B. KUTOA

1. Shikilia kioo kwa tepu ngumu inayopita juu ya fremu, au kwa kabari za mbao. Kioo ni kizito na kikianguka kitavunjika.

2. Toa waya ya nega ya betri.

3. Hapa ndipo vidole vinapotea! Regulata ya mikono inayopishana kama mkasi mara nyingi ina springi iliyokazwa. Mota ikitoka, mikono yaweza kuruka kwa nguvu. Kwa hiyo kwanza ibane gia kubwa kwenye bamba lake kwa klampu au bolti, isiweze kusonga.

4. Sasa fungua bolti za mota. Mara nyingi ni tatu.

C. KURUDISHA

Weka mota mpya kando ya ile ya zamani, ulinganishe meno na matundu. Ya kulia na ya kushoto mara nyingi hazifanani. Paka gia grisi, kaza bolti zote, halafu ondoa klampu na tepu. Rudisha betri, upandishe na kushusha kioo mara kadhaa kabla ya kufunga kava. Nailoni nayo irudi mahali pake, la sivyo maji ya mvua yataingia ndani ya gari.

Mwisho, mkabidhi mwenye gari mota ya zamani mkononi, umwonyeshe ilivyoharibika. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Tunaamini kuwa kazi ya mikono ni heshima, na heshima hiyo inalindwa na ukweli. Mteja aliyeambiwa, "Mama, hii mota yako ni nzima, shida ni waya," atarudi, tena ataleta jirani yake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini fundi hushawishika kuuza spea kabla ya kupima?

2. Katika gereji yetu, nani anawafundisha wanagenzi kujikinga wasiumie?