Dondoo muhimu: Kukadiria kazi ya kupiga polishi boti ya faiba

Usikubali bei ya kukisia kwa macho. Mwombe fundi ajaribu kwanza mita moja ya mraba, pale ubavu ulipopauka zaidi kwa jua, nawe utazame saa. Boti ya mita 7 yenye ubavu wa mita 1 ina takriban mita 14 za mraba pande zote mbili, bila tezi. Kila mita ya mraba ikichukua dakika 20, hizo ni karibu saa 5 za kazi kwa mkono mmoja wa dawa ya polishi. Muda wa kupaka nta uhesabiwe peke yake. Ongeza muda wa kuosha, maana chembe ya mchanga ikibaki chini ya mashine ya polishi huacha mikwaruzo. Anzeni alfajiri: faiba ikipata moto, dawa hukauka kabla ya kusuguliwa. Fundi ni afadhali kupatana naye kwa kazi nzima, msaidizi kwa siku.