Trekta Kubwa, Zana Ndogo: Zifungane Vipi?

Umepata planta ya mistari miwili ya mtumba, bei imekaa vizuri, umeipakia kwenye Fuso mpaka shambani. Dereva anarudi kinyumenyume, anashusha mikono ya trekta, na hapo kazi inakwama. Pini za planta zinacheza ndani ya matundu ya mikono kama mchi kwenye kinu, na mikono yenyewe imeachana kupita kiasi. Usimlaumu aliyekuuzia. Fuata haya.

1. Jua daraja. Mfumo wa mikono mitatu ya nyuma tunaoujua leo ni kazi ya Harry Ferguson, mtu wa Ireland, na ulisambaa sana baada ya kuwekwa kwenye trekta la Ford 9N mwaka 1939. Siku hizi mikono hiyo ina madaraja. Daraja la 1 hutumika zaidi kwenye matrekta ya nguvu za farasi 20 hadi 45: pini za chini zina unene wa milimita 22, ya juu 19. Daraja la 2, kwa matrekta ya kama farasi 40 hadi 100, lina 28 chini na 25 juu. Hayo ndiyo matrekta mengi ya kukodi mnayoyaona yakilima vijijini. Lipo pia daraja la 0, la vitrekta vya bustani.

2. Nenda sokoni na kalipa, kifaa cha kupimia unene. Huna? Chukua pini ya trekta lako mfukoni, uilinganishe na ya zana palepale kabla hujatoa hela.

3. Weka bushi, usitoboe. Hiki ndicho kidokezo chenye pesa yako. Bushi ni kipande kifupi cha bomba la chuma: nje milimita 28, ndani 22, urefu sawa na jicho la mkono. Inavaa kwenye pini ya planta, kisha vyote viwili vinaingia kwenye jicho. Fundi mwenye mashine ya kuchonga vyuma anaitoa muda si mrefu. Nimeona watu wakikata bomba la maji. Ukuta wake ni mwembamba na laini. Linapondeka likawa na umbo la yai, na pini inaanza kugonga kach, kach kila trekta linapokata kona. Wengine huchukua njia ya mkato: wanapanua matundu ya fremu ya planta kwa moto wa gesi ili iingie pini nene. Tundu la moto halitoki duara, ukingo wa chuma unabaki mwembamba, na siku ukiiuza planta hiyo, mwenye trekta dogo hawezi kuitumia. Bushi unaivua tu. Na tafadhali, nondo ya ujenzi si pini.

Ukizipata pini zenye unene wa aina mbili, upande mmoja 22 na mwingine 28, nunua. Unazigeuza tu kulingana na trekta.

4. Pima upana. Zana ya daraja la 1 inataka mikono ya chini iachane kama sentimita 68. Ya daraja la 2 ni kama 82. Tofauti ni sentimita 14, yaani 7 kila upande. Mara nyingi unalegeza minyororo ya pembeni, mikono inasogea ndani, imekwisha. Ikigoma, usikimbilie pini ndefu zenye mapande ya bomba katikati, maana pini ikirefuka inapinda upesi. Chomelea fremu ya kati, au azima trekta dogo la jirani.

5. Baada ya kufunga, kaza minyororo ileile. Planta na bomba la kupulizia dawa havitaki kuyumba. Mistari itakwenda kama nyoka. Plau iachie nafasi kidogo.

6. Topi linki, yaani mkono wa juu, ndiyo inayosawazisha. Zungusha mpaka fremu ya planta ikae sawa na ardhi ukiitazama kwa pembeni. Usiifungue hadi nyuzi ziishe. Nayo pia inadai bushi yake, 25 kwenda 19, na hii ndiyo watu huisahau. Kamwe usifunge mnyororo wa kuvutia gogo hapo: trekta linainua pua na kumlalia dereva.

7. Planta nyingi huendeshwa na magurudumu yake, kwa hiyo shafti ya PTO haikuhusu. Ila kwa mashine ya kufyekea, inua na kushusha zana polepole huku injini ya trekta ikizunguka taratibu na PTO ikiwa imezimwa. Angalia kama shafti inagonga mahali popote, au inavutika hadi vipande vyake viwili vinakaribia kuachana. Shafti ndefu mno inasukuma na kuvunja gia. Fupi mno inachomoka.

8. Punguza mkono mzito. Trekta la farasi 75 halitahisi kisiki ambacho planta ya kilo 200 inakihisi. Gia ya chini, haidroli ishuke taratibu. Baada ya saa moja ya kwanza simama, kagua bushi na pini za kufungia.

Na yule kijana anayependa kudandia planta wakati inainuliwa, mshushe kabla hujagusa mkono wa haidroli.