Dalali anataka kitambulisho changu

Swali: Natafuta nyumba ya kununua Dar es Salaam. Dalali anataka nimtumie picha ya kitambulisho cha NIDA na taarifa ya benki kabla sijaiona nyumba. Nimpe?

Jibu: Usimpe. Kuonyeshwa nyumba hakuhitaji namba ya NIDA, seuze salio lako. Jina na simu vinamtosha. Kitambulisho kitahitajika baadaye, kwa wakili atakayeandaa mkataba na uhamisho wa hati. Taarifa ya benki ni ya mkopeshaji, kama unakopa. Hapo peleka nakala mkononi, uandike juu yake tarehe na kazi yake. Dalali akisambaza taarifa zako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuruhusu kulalamika kwa Tume inayosimamia sheria hiyo. Na huyo, kwa kweli, ningemwacha leo.